Weupe wa Karisimbi: Kupima Theluji ya Mwanzo wa Msimu kutoka Bugeshi

Miongoni mwa maswali tunayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi wetu ni hili: je, Rwanda kuna theluji? Wale wanaopanga kupanda mlima wakati wa likizo huongeza la pili: tutajuaje, tungali chini, hali ilivyo juu? Tumeona vyema tuyajibu yote mawili kwa pamoja, kwani jibu la pili linategemea sana maneno tunayoyatumia.

Mtu akisimama Bugeshi, wilayani Rubavu, kaskazini mwa mji wa Gisenyi, huwa na mlima Nyiragongo wa Kongo upande wa magharibi na Karisimbi upande wa mashariki. Karisimbi, wenye mita 4,507, ndio mrefu kuliko yote katika safu ya Virunga. Kuna asubuhi ambapo wakulima wa viazi hukiona kilele chake kimekuwa cheupe, na kufikia mchana weupe huo umetoweka. Jina la mlima hunasibishwa na neno la Kinyarwanda isimbi, yaani kombe jeupe. Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka ndugu yake, simbi.

Kwa nini weupe huo haudumu? Hesabu yake ni nyepesi. Joto hupungua takriban digrii 6 kwa kila mita 1,000 tunazopanda. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi, kwa hiyo kati ya ufuo wa Gisenyi na kilele kuna tofauti ya mita 3,000, sawa na digrii 18. Gisenyi ikiwa na digrii 24 mchana, kilele kina 6. Usiku Gisenyi ikishuka hadi 16 au 17, kilele kinafikia sifuri au chini yake. Kinachoanguka usiku huweza kulala juu ya mawe. Jua likitoka, huyeyuka.

Hapa ndipo wengi wanapokosea katika kupanga safari. Vitabu vya Ulaya husema theluji huja na majira ya baridi, nao hutarajia hivyo hivyo kwetu. Karibu na ikweta joto la mwezi mmoja halitofautiani sana na la mwezi mwingine. Huko theluji huletwa na baridi. Kwetu huletwa na mvua. Mwanzo wa msimu wetu wa theluji, basi, ni mwanzo wa mvua: Umuhindo unapoingia mwezi Septemba, na Itumba mwezi Machi. Anayetaka njia kavu na anga safi atazame zaidi Impeshyi, kuanzia Juni hadi Agosti. Anayetaka kuuona mlima ukiwa mweupe ajue kwamba ataupata pamoja na matope, ukungu na nguo mbichi.

Sasa tuje kwenye maneno. Mwanafunzi akiuona weupe huo husema "barafu", akadhani amemaliza. Lakini barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu: huteleza, na mguu haupati pa kushika. Theluji ni laini, huanguka kama pamba na kushika umbo la unyayo. Mvua ya mawe ni punje ngumu za mviringo, na mara nyingi huambatana na radi. Kwa mbali nayo huupaka mlima rangi nyeupe. Sakitu ni ile ngozi nyembamba nyeupe inayofunika majani usiku wa baridi bila kitu chochote kuanguka. Asili ya maneno haya nayo inafundisha: theluji limetoka katika Kiarabu, ilhali barafu lina asili ya Kiajemi, ambako barf ni theluji yenyewe. Katika Kinyarwanda, urubura ni mvua ya mawe, na wengi huliita theluji pia. Mwongoza wageni akisema urubura, mfasiri akaandika theluji, mgeni atajiandaa kwa jambo jingine kabisa.

Kosa la namna hiyo linaweza kugharimu maisha. Mwaka 1908, mwanajiolojia Mjerumani Egon Kirschstein alikuwa na msafara wake Karisimbi dhoruba ya theluji na mvua ya mawe ilipowakumba. Wapagazi 20 walikufa kwa baridi. Baridi inayokaribia sifuri ikiambatana na maji na upepo huua upesi, kwa sababu nguo iliyolowa haihifadhi joto la mwili.

Kwa hiyo, anayeutazama mlima kutoka chini ajiulize mambo matatu. Kwanza, kilianguka lini? Weupe wa asubuhi ni habari ya usiku uliopita tu, hauahidi kitu kuhusu kesho. Pili, ni kitu gani: theluji, mvua ya mawe au sakitu? Tatu, kimelala juu ya nini?

Maswali hayo hayo huwafaa wenzetu walioko Ulaya wanaoalikwa kwenda kuteleza kwenye theluji katika milima ya Alps mwezi Novemba au Desemba. Picha ya kilele cheupe haiwaambii kama mteremko wa chini una kitu. Theluji changa juu ya ardhi isiyoganda huyeyuka kutoka chini, na ikiwa nyembamba huficha mawe na visiki. Ile ya mwanzo inayobaki kivulini kwa wiki kadhaa hugeuka punje zisizoshikamana, kama sukari. Theluji mpya ikilala juu yake, yote huweza kuporomoka. Ndiyo maana nchi za Ulaya hutangaza hatari ya maporomoko kwa ngazi 1 hadi 5, na tangazo hilo husomwa kabla ya kufunga mizigo.

Zoezi la darasani: wape wanafunzi maneno theluji, barafu, sakitu na mvua ya mawe. Kila mmoja aandike ujumbe wa sentensi tatu kwa rafiki anayetaka kupanda Karisimbi mwishoni mwa Septemba, bila kutumia neno "nyeupe". Kisha wasomeane, na darasa liamue: je, rafiki huyo aende au asubiri?