Chanjo ni Nini? Si Kila Sindano, Wala Si Kila Tone

Katika jumuiya zetu za Kasulu na Kibondo neno chanjo linajulikana na wote, lakini hatulielewi kwa namna moja. Wapo wanaoita chanjo kila sindano. Wapo wasioamini kwamba tone la mdomoni ni chanjo. Tena wapo wanaoona chale za mganga kuwa kinga ya kutosha.

Sababu mojawapo ni neno lenyewe. Chanjo hutokana na kuchanja, yaani kukata ngozi kidogo. Wanafunzi wa Kilatini wanajua pia neno vacca, ng'ombe, lililozaa jina la chanjo katika lugha za Ulaya, kwa kuwa mwaka 1796 daktari Mwingereza Edward Jenner alitumia ndui ya ng'ombe kumkinga mtoto na ndui ya watu. Jina moja lataja jeraha, jingine mnyama. Hakuna linaloeleza kazi ya chanjo.

Kazi yake ni kuufundisha mwili mapema. Mwili hupewa kimelea kilichouawa au kudhoofishwa, au sehemu yake tu, ili uandae askari wake kabla ugonjwa haujaingia. Tiba hupambana na ugonjwa uliokwisha kuingia.

Tupime kwa kipimo hicho. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka kati ya wakimbizi wa Burundi waliopitia Kagunga, na katika kambi ya Nyarugusu, Kasulu, watu walipewa chanjo ya kunywa. Haikuwa na sindano wala kovu, lakini ilikuwa na vimelea vya kipindupindu vilivyouawa. Ni chanjo kamili, kama yalivyo matone ya polio. Lakini matone ya vitamini A na dawa ya minyoo, ingawa vina faida, si chanjo. Sindano ya malaria kali ni tiba. Chale haziufundishi mwili kuitambua surua.

Tofauti hii inagusa uhai. Mzazi akihesabu matone ya vitamini kuwa chanjo, aweza kudhani mwanawe amemaliza, kumbe chanjo ya surua ya miezi 9 au ile ya miezi 18 bado.

Basi tukifika kliniki tuulize: hii inakinga ugonjwa gani, na mtoto arudi lini? Kisha tuhakikishe jibu limeandikwa kwenye kadi.