Siku Moja ya Kuona Sanaa Dar es Salaam: Mgeni wa Kusini Aanzie Wapi?

Mgeni anapotoka Nachingwea au Ruangwa kuja Dar es Salaam, aghalabu huja kwa shughuli maalumu. Huenda kuna harusi ya mpwa, mgonjwa wa kutazamwa, au mtoto wa kupelekwa shule. Safari ni ndefu, zaidi ya kilomita 500; anayepanda basi alfajiri huingia Mbagala jioni akiwa amechoka. Shughuli ikiisha, hubaki siku moja tu kabla ya kurudi. Siku hiyo wengi wetu huwapeleka wageni Kariakoo, wakanunua khanga na viatu, na safari ikaishia hapo.

Si vibaya kwenda Kariakoo. Lakini mtoto aliyesafiri kutwa nzima anastahili kurudi na kitu kisichochakaa kama viatu. Katika jiji hili kuna mahali ambapo angeweza kuona kazi za mikono ya watu wa kwao zikiheshimiwa. Tatizo ni kuchagua, na baada ya kuchagua, kufika.

JINA MOJA, MAHALI PAWILI

Kosa la kwanza linalowapotezea wageni asubuhi nzima ni jina. Mgeni akimwambia kondakta wa daladala, "Nishushe Makumbusho," atashushwa Kijitonyama, kwenye kituo chenye jina hilo. Hapo yupo karibu na Kijiji cha Makumbusho, penye nyumba za asili. Makumbusho ya Taifa yenyewe yapo katikati ya jiji, Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea na Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Anayeyataka hayo apande gari la Posta, kisha atembee kwa miguu. Baina ya mahali hapo pawili ni mwendo wa kilomita kadhaa, na foleni za magari zikianza, saa nzima huweza kupotea.

Jambo la pili: wazee waliowahi kuishi Dar es Salaam miaka ya 1980 watawaelekeza Nyumba ya Sanaa, pale Upanga. Ushauri wao ni wa nia njema, lakini nyumba hiyo haipo tena pale. Msiifuate.

CHAGUENI KWA KUMTAZAMA MTU

Tuchukue mfano wa baba na mama kutoka Ruangwa, wakiwa na bibi, kijana wa sekondari na mtoto wa miaka sita. Hawataweza kuona kila kitu, wala wasijaribu. Kuona mahali pawili kwa utulivu ni bora kuliko mahali patano kwa kukimbizana.

Ikiwa kijana ni mpenzi wa historia, waanze asubuhi na Makumbusho ya Taifa. Yalianzishwa mwaka 1934 na kufunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Leo ni mali ya wananchi. Humo mna habari za fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, pamoja na vyombo na kazi za sanaa za makabila yetu. Saa mbili zinatosha. Baadaye warudi Posta, wapande gari la Mwenge au Makumbusho lipitalo Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, na alasiri waione Kijiji cha Makumbusho. Humo mtoto ataingia katika msonge wa Wahaya na tembe ya Wagogo, tena atakuwa na uwanja wa kukimbia. Bibi naye atapata kivuli cha kupumzikia.

Lakini ikiwa kijana huyo huchorachora pembezoni mwa madaftari yake, njia ni nyingine. Waende Oysterbay, mahali paitwapo Morogoro Stores, kwenye ushirika wa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, katika nchi hii hii ya Kusini. Mwaka 1968 alianza kuchora ndege na wanyama kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya ubao wa masonite, akaviuza papo hapo Morogoro Stores. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa miaka minne tu, na jina lake likaenea duniani. Kutoka hapo, Nafasi Art Space iliyopo Mikocheni, iliyoanzishwa mwaka 2008, itamwonyesha wasanii wa leo wakiwa kazini. Siku wamalizie Mwenge kwa wachonga vinyago.

Pale Mwenge bibi ndiye atakayekuwa mwalimu. Mpingo unaochongwa pale huota pia katika misitu ya mkoa wa Lindi. Vile vinyago vya watu wanaobebana mmoja juu ya mwingine, viitwavyo ujamaa, ni kazi ya Wamakonde. Nayo mapiko, barakoa za kuchezea ngoma za jando na unyago, bibi anaweza kuzieleza kuliko kibao chochote cha ukutani.

KWA NINI TUJISUMBUE?

Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alizunguka sehemu za Lindi, Masasi na Newala akikusanya barakoa, vinyago na vyombo vya nyumbani vya wazee wetu. Alivipeleka Leipzig, Ujerumani, katika makumbusho ambayo baadaye aliyaongoza. Kitu ambacho mgeni yule alikibeba kuvuka bahari, sisi aghalabu hukiacha kioze darini au kikatumike kuni. Mtoto asiyewahi kuona kazi ya babu yake imewekwa mahali pa heshima atajuaje kwamba ina thamani?

Kabla ya kuondoka nyumbani, ulizeni saa za kufungua na kiingilio. Raia hutozwa kidogo kuliko mgeni wa nje. Chukueni maji, vaeni viatu vya kutembelea, na ondokeni mapema kabla jua halijawa kali. Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga picha msanii. Mkinunua, nunueni kitu kidogo kwa aliyekitengeneza.

Ndugu msomaji, safari hii haiishii Mbagala wakati wa kupanda basi. Mtoto akifika Ruangwa, mpe daftari na umwambie amwendee bibi jioni, amwulize kinu kile kilichongwa na nani, mkeka ule ulisukwaje, na ngoma ile ilichezwa lini. Ayaandike majibu angali bibi yupo wa kuyasema.