Homoni na Ubongo Katika Kujamiiana kwa Panya (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona ya kwamba panya dume akihasiwa hali amekwisha pevuka, hamu ya kumpanda jike humpungua juma baada ya juma hata aghalabu ikatoweka, na akitiwa testosteroni humrudia. Msomaji aweza kudhani, basi, kwamba dume na jike hawatofautiani ila kwa homoni iliyomo damuni, na kwamba mwenye kuibadili homoni ameibadili tabia. Sivyo, na ushahidi wake ulitolewa mwaka 1959 katika Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, na Charles Phoenix, Robert Goy, Arnold Gerall na William Young.

Wataalamu hao waliwadunga testosteroni simbilisi wenye mimba, kisha wakawalea watoto wao wa kike mpaka wakapevuka. Majike hao walipoondolewa ovari na kupewa estradioli ikifuatiwa na projesteroni, ambazo humfanya jike wa kawaida abonyeze mgongo, ainue kiuno na kutulia apandwe, wao hawakufanya hivyo ila kwa nadra; bali walipopewa testosteroni waliwapanda wenzao kama madume. Homoni ile ya tumboni ilikwisha kitambo, lakini athari yake ilisalia.

Kwa panya, wakati wa kuathirika ni siku za karibu na kuzaliwa: dume aliyehasiwa siku ile ile aliyozaliwa, akikua na kupewa homoni za kike, hubonyeza mgongo kama jike. Na mwaka 1978 Roger Gorski na wenzake wa Los Angeles walieleza fungu dogo la seli, upande wa mbele wa sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ambalo kwa dume ni kubwa mara kadhaa kuliko kwa jike.

La kustaajabisha zaidi, nami naliona kuwa ndilo kiini cha elimu hii, ni kwamba testosteroni ikiingia ubongoni mwa panya mchanga hugeuzwa na kimeng'enya kiitwacho aromatasi ikawa estradioli, na hiyo tuliyozoea kuiita homoni ya kike ndiyo iujengayo ubongo wa dume. Mbona basi estradioli ya mama haiwageuzi majike waliomo tumboni? Kwa sababu damuni mwao imo protini, alfafetoprotini, inayoinasa isipate kuufikia ubongo, ilhali testosteroni hainaswi, hupita.

Asitokee mtu akayahamishia haya kwa wanadamu kwa pupa: alfafetoprotini yetu sisi haiinasi estradioli kama ile ya panya.