Maziwa ya Ng'ombe Aliyetibiwa Kiwele
Akina mama wa Gisenyi, maziwa yakikataa kuganda yawe mtindi, yaani ikivuguto, msiharakishe kulaumu kibuyu. Huenda ng'ombe alitiwa dawa ya antibiotiki katika chuchu kwa ugonjwa wa kiwele, nayo ingali ndani ya maziwa, ikiviua hata vijidudu vinavyogandisha. Kuchemsha hakutoshi kuiondoa.

Dawa na ichaguliwe na daktari wa mifugo. Mfugaji aimalize hata uvimbe ukishapungua, kisha ahesabu siku zilizoandikwa kwenye kibandiko, tangu dozi ya mwisho. Kabla hazijatimia, maziwa ya chuchu zote nne yamwagwe, si ya ile iliyougua tu. Ni hasara chungu kwa nyumba yenye ng'ombe mmoja, aliyetolewa labda na mpango wa Girinka ulioanza mwaka 2006. Ndama naye asinyweshwe.