Kabla ya Kununua Kichwa Kipya cha Springla, Fungua Kile Kibovu

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Nairobi kumuona dada yangu huko Buruburu. Wanaoijua mitaa ya Eastlands wanajua nyumba za Buruburu zilivyojengwa miaka ya 1970 na 1980. Nyumba nyingi zimezunguka uwanja wa pamoja, na uwanja huo ndio bustani na ndio pa watoto kucheza. Uwanja wa kina dada umepandwa ukoka. Miaka michache nyuma wakazi walichanga pesa, wakawekewa springla zile za kujificha ardhini: maji yakifunguliwa kichwa chainuka, yakifungwa chazama.

Nilikuta kikao cha moto. Vichwa viko 11. Sita haviinuki, viwili vyavuja mchana kutwa, na mzee anayetunza bustani ashatuhumiwa kuwa ameviharibu kwa fyekeo. Fundi alikuwa ameshasema vyote ving'olewe, vinunuliwe vipya. Pesa zitoke wapi? Wengine wakataka mshahara wa mzee ukatwe, na mmoja akasema aondoke kabisa.

Nikaomba tufungue kimoja kwanza. Ujanani nilifanya kazi ya matengenezo katika hoteli moja ya Kusini Pwani, na vichwa hivi navijua magonjwa yake.

Kazi yenyewe si ngumu. Funga valvu. Chimba taratibu kuzunguka kichwa, upana wa kiganja, na uuondoe mchanga wote usije ukaangukia ndani. Kisha zungusha kifuniko kwa mkono kuelekea kushoto, huku umekikandamiza, kwa sababu chini yake mna springi iliyobanwa. Kifuniko kikitoka, vuta lile shina lenye springi yake. Juu ya shina mna nozeli, na chini ya nozeli mna chujio mfano wa kikapu kidogo.

Chujio la kichwa kile lilikuwa jeusi, limejaa tope na kutu. Wala si ajabu. Maji mengi ya Nairobi yatoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, na Eastlands yaja kwa mgao. Bomba likikaa tupu siku kadhaa, maji yanaporudi yakokota uchafu wote uliolala ndani. Kwetu pwani adui ni mwengine: maji ya visima vya mawe ya matumbawe huacha ukoga mweupe mgumu kama wa birika la chai. Tope huoshwa kwa maji na mswaki mzee. Ukoga huo hulowekwa kwenye siki usiku kucha. Lakini nozeli usiichokoe kwa sindano wala waya! Tundu likipanuka, maji hayaendi tena yanapotakiwa, na hapo ndipo utanunua mpya kweli.

Tazama pia ule mpira wa kuziba ulio ndani ya kifuniko. Punje moja ya mchanga yatosha kukifanya kichwa kibaki kimesimama baada ya maji kufungwa, kisha fyekeo likikute. Ukiwa mchafu uoshe, ukichanika badilisha kifuniko. Kabla ya kurudisha shina, fungua maji kidogo bomba lijisafishe, nawe simama kando.

Na mzee je? Vichwa viwili kweli vilikuwa na alama za fyekeo. Lakini ardhi ya kule ni udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, hivyo husukuma vichwa juu na kuvipinda. Kichwa kiwe sawasawa na ardhi, na kokoto kidogo kando yake humsaidia maji yasituame. Mzee akifyeka asichokiona, kosa si lake peke yake.

Tuliosha vyote sita. Vitatu vikainuka. Vitatu vikainuka nusu, maji yakatoka pembeni kama mate. Hapo fundi akatabasamu, "Si niliwaambia?" Nikamuuliza maji yatoka wapi. Kumbe bomba kuu likikauka, wao hufungulia tangi lililo juu ya vyuma vya mita tatu hivi. Vichwa vya aina hii huhitaji msukumo wa kama bar 2, na kila mita 10 za kwenda juu hutoa bar 1. Kwa hivyo tangi lile latoa bar 0.3 tu, na la kuvisukuma bila pampu lingehitaji kukaa juu ya mita 20. Ukiweka vichwa vipya pale vitalala vilevile. Tulipofunga nusu ya laini na kuwasha pampu ndogo ya jirani, vile vitatu vikasimama.

Kati ya viwili vilivyovuja, kimoja kiko mahali pa chini kabisa, karibu na geti. Hicho hakikuwa kibovu. Maji yaliyobaki bombani yateremka na kutokea hapo, na dawa yake ni kichwa chenye valvu ndogo ndani.

Lililoniogopesha ni jengine. Laini ya springla imeungwa moja kwa moja kwenye bomba linalojaza matangi ya kunywa, bila valvu ya kuzuia maji kurudi. Siku ya mgao, maji yakikatika, bomba laweza kunyonya. Kichwa kimelala kwenye dimbwi, na dimbwi limepitwa na paka na watoto na maji ya kufulia. Kinachonyonywa ndicho hicho, na maji yakirudi chaenda tangini. Nairobi si mgeni wa kipindupindu, wala sisi Mombasa. Kikao kizima kilikuwa kimegombania fyekeo, na hakuna aliyeliona hilo.

Nilisema mbele yao, na nasema hapa: valvu hiyo ndiyo ya kununua kwanza, na bora zaidi springla zipate tangi lake la maji ya mvua, lisilogusana na la kunywa. Kumwagilia ukoka maji ya mgao, na jirani ananunua ya mitungi, kwangu ni aibu.

Walikubali kuikata ile laini siku ileile. Vichwa viwili vilivyopigwa na fyekeo vitabadilishwa, tisa vinabaki. Mzee yuko kazini, na sasa ana vijiti 11 vyenye vitambaa vyekundu, huvichomeka kando ya kila kichwa kabla ya kufyeka.