Kibodi Inayogoma na Kompyuta Inayochemka

Msimu wa kukabidhi tasnifu unapokaribia, wanafunzi wanaobisha mlango wa idara kwa sababu ya kompyuta zao huongezeka. Makala haya yanakusudia kueleza kasoro mbili zinazowasumbua zaidi, na kuonyesha ni wakati gani mtu ajitatulie mwenyewe na ni wakati gani asiguse kitu.

Tuanze na kibodi, kwani mara nyingi huwa si mbovu. Hapa Burundi kompyuta nyingi zina kibodi za Kifaransa, ambapo A hukaa mahali pa Q ya Kiingereza, na Z mahali pa W. Kompyuta ikiwa imepangwa kwa Kiingereza, mwanafunzi huandika "wazazi" akapata "zqwqwi", kisha akampelekea fundi faranga zake bure. Abonyeze kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi, na mpangilio utabadilika iwapo yote miwili imo. Vivyo hivyo, katika baadhi ya kompyuta ndogo, Num Lock ikiwashwa "jiko" huwa 1526. Aidha, kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8 huamsha huduma iitwayo Filter Keys, na vitufe vyote vikawa kama vimelala.

Kwetu sisi wa Kiswahili, kitufe kisichopuuzika ni cha ritifaa. Bila hicho "ng'oa" hugeuka "ngoa", na kung'oa mti si sawa na kuwa na wivu! Kikifa, usiendelee kuandika ukitumaini kusahihisha baadaye. Bonyeza Windows, Ctrl na O kwa pamoja upate kibodi ya kwenye skrini, au chomeka kibodi ya nje.

Chai ikimwagika, zima mara moja, chomoa chaja, igeuze kifudifudi. Chai yenye sukari ni mbaya kuliko maji, maana hata ikikauka huacha vitufe vikinata.

Sasa joto. Jina "kompyuta mpakato" limetokana na kupakata, kama mama anavyompakata mtoto. Ni jina zuri, ila linapotosha: matundu ya hewa mara nyingi yako chini, na mapaja, godoro au mto huyaziba. Prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe. Joto likizidi, mashine hujizima, na kurasa ambazo hazijahifadhiwa zikapotea. Iweke juu ya meza. Feni ikivuma mfululizo hata unapoandika maneno matupu, huenda vumbi limejaa ndani, na hiyo ni kazi ya fundi.

Lipo jambo moja linalounganisha kasoro hizi, nalo ndilo la hatari. Joto la muda mrefu huchakaza betri ya lithiamu, na betri iliyochakaa huweza kuvimba. Dalili zake huonekana juu: vitufe vimeinuka, sehemu ya kugusia kwa kidole haibonyezeki, au kifuniko hakifungiki sawasawa. Hapo usikandamize, usitoboe, usichaji. Zima, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, umwite fundi. Wala usiiwashe "dakika tano tu" ili kunakili tasnifu. Mara nyingi fundi anaweza kuitoa diski na kuisoma kwenye mashine nyingine.