KOFIA YA MJOMBA ILIYOLALA KASHANI MIAKA MINNE

Ukifika mwezi wa Julai hapa Nakuru, baridi humwingia mtu wa pwani mpaka akaulaumu mguu uliompandisha bara. Mji huu uko kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na vidole vya mtu aliyelelewa penye mnazi na mkoko havikuzoea mambo hayo. Basi kwa muda wa miaka minne, kila aliponiuliza mtu kwa nini nimeacha kushona kofia, jawabu langu lilikuwa moja tu: "Ni baridi, ndugu yangu." Na jawabu hilo lilikuwa uongo.

Leo nataka kuieleza kweli yenyewe, kwa kuwa najua wako wengi miongoni mwa wasomaji wenye kasha kama langu. Yuko mwenye ukili alioukunja kabla haujatosha mkeka, yuko mwenye kitambaa cha meza alichokidarizi nusu, na yuko mwenye shairi la beti tatu linalongoja la nne. Kazi ya mapenzi haina mshahara wala msimamizi. Ikifa, hapana ajaye kuhani.

BARAZANI LAMU

Nilizaliwa Lamu. Alasiri tulipotoka chuoni, mbao tumekwisha kuziosha na wino ungali vidoleni, wenzangu walikimbilia pwani kuogelea, nami nilikwenda kuketi barazani kwa mjomba wangu. Kwetu kushona kofia si kazi ya wanawake peke yao. Wanaume wazima, manahodha na waalimu, huketi na sindano mkononi huku wakizungumza habari za ulimwengu. Nilipokuja Nakuru kwa kazi ya kuandika habari, jirani mmoja aliniona na uzi akanicheka, akauliza kama mke wangu amesafiri. Nilimwambia, "La, yupo, lakini yeye hajui kazi hii."

Kofia ya viua, kwa msomaji asiyeijua, huanza na kitambaa cheupe cha bafta kilichopandanishwa mara mbili. Hukatwa vipande viwili: duara la juu, na ukanda wa kuzunguka kichwa. Mchoraji huchora nakshi kwa kalamu ya risasi, kisha mshonaji hupiga bandi ili vitambaa visiachane. Hapo ndipo kazi yenyewe huanza. Kila tundu lililochorwa hutobolewa, na ukingo wake huzungushiwa uzi, shono kando ya shono, mpaka tundu linasimama wazi kama jicho la ndege. Kofia moja ina mamia ya matundu hayo. Mimi, mtu wa kushona baada ya kazi nyingine, kofia nzuri hunichukua miezi miwili au mitatu. Ikiisha hufuliwa, hutiwa wanga, ikavikwa faroma, yaani kile kigogo cha mti cha mviringo, ikauke bila kusinyaa.

Kofia hizo hazikubaki kwetu tu. Utaziona Ngazija, na utaziona Oman, ambako wanaume huvaa kumma zilizo ndugu wa kofia zetu. Waomani wengi waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, na wengine waliorejea kwao baada ya Sultan Qaboos kushika ufalme mwaka 1970, walikwenda na Kiswahili chao kinywani na kofia zao kichwani.

Mjomba hakuwahi kuuza kofia hata moja. Alimshonea huyu arusi yake, yule safari yake ya Hija. Alipokuwa mzee macho yake yaliikataa sindano, lakini mkono wake wa kuchora haukutikisika. Mwaka 2018 aliniletea Nakuru, kwa mkono wa msafiri, kitambaa kilichokwisha kuchorwa chote, na maneno mafupi: "Macho yamekataa. Nishonee wewe, nije niivae."

Nilianza siku ile ile. Nilishona ukanda karibu nusu.

MFANYABIASHARA NA KOFIA SITA

Wakati huo huo mfanyabiashara mmoja wa mjini aliiona kofia niliyoivaa msikitini. Akaitazama ndani na nje, akaniomba nimshonee sita za kuuza kabla ya Idi, akanipa na kishanzu cha fedha. Sikuwa na dhiki siku zile. Nilikubali, nisifiche, kwa sababu nilisifiwa.

Kitambaa cha mjomba nikakiweka kando, nikasema, "Hii ni yetu, itangoja."

Ndugu msomaji, kabla ya siku ile nilikuwa nikishona bila kuhesabu. Tangu siku ile kila tundu likawa na bei. Nilijikuta nikigawanya shilingi kwa matundu, na matundu kwa saa, na hesabu ilipotoka niliona kwamba kijana anayebeba magunia sokoni anapata zaidi yangu. Usingizi ulipungua. Uzi, ambao zamani ulinituliza, ukawa wanikasirisha kwa kukatika tu. Nilimpelekea kofia nne kati ya sita, naye akazipanga mezani akalalamika kwamba hazifanani. Akatoa kofia ya mashine, ya kutoka kiwanda cha ng'ambo, akaniambia ile yake ni rahisi mara kumi na kila tundu ni sawa na mwenziwe. Nilimrudishia fedha za zile mbili nikaondoka.

Haukupita mwezi, simu ikapigwa kutoka Lamu. Mjomba ametangulia mbele ya haki.

Nilikikunja kitambaa chake, nikakitia kashani pamoja na sindano, subana na shazia, nikafunga. Watu walifikiri ni msiba, wengine walifikiri ni uzee, nami nikawaambia ni baridi. Ilikuwa aibu. Niliiacha kazi ya mtu aliyenipenda ili nimtumikie mtu aliyenipimia bei, na mwisho wake nikawakosa wote wawili.

Sikukaa tu. Mara mbili nilinunua uzi mpya, nikidhani hamu iko dukani. Nikanunua miwani. Usiku mmoja wa Ramadhani nilifungua kasha nikatia uzi sindanoni, na kabla ya shono la kwanza nikaurudisha. Nikasema, "Nitangoja moyo urudi." Moyo haukurudi. Miaka ikapita. Nakuru yenyewe, mji uliozaliwa na reli mwanzoni mwa karne ya ishirini, ikatangazwa kuwa jiji mwezi wa Disemba 1, 2021, na kasha langu lilikuwa lingali limefungwa.

MAMA WA KIVUMBINI

Wasimulizi wasema jina la Nakuru latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi, na mtaa wa Kivumbini wathibitisha habari hiyo kwa Kiswahili. Hapo ana kibanda chake mama mmoja auzaye mboga. Baina ya mteja na mteja hufuma sweta. Julai ya mwaka 2022 nilisimama kununua sukumawiki nikamkuta akiufumua mkono mzima wa sweta, uzi wote ukirudi kuwa donge mapajani mwake. Kazi ya siku nyingi ikaisha kwa dakika chache.

Nikamwuliza, "Mama, huoni uchungu?"

"Uchungu wa nini, mzee? Nilikosea hapa chini, nikaendelea tu nikijua nimekosea. Uzi haujapotea. Ni mikono ilipotea njia." Akanifungia mboga zangu, akatwaa sindano zake mbili, akaanza tena kwa macho matatu ya uzi, bila kuinua kichwa.

Sikuweza kumjibu. Njia nzima nilifikiri kwamba yule mama hakungoja apate hamu ndipo aanze. Alianza, na hamu ikamkuta kazini.

Tangu hapo nikazitafuta habari za watu wa sindano, nijue kama ni mimi peke yangu niliyevunjwa na soko. Si lazima soko liue. Pale Njoro, safari fupi kutoka hapa, kundi la wanawake liitwalo Kenana Knitters lafanya kazi tangu mwaka 1998. Sufu husokotwa, hutiwa rangi za mimea, ikafumwa wanyama wa kuchezea watoto na nguo za baridi, vikauzwa hata nchi za nje. Kwa mama mwenye ada ya shule ya kulipa, kazi ile ni riziki ya halali. Asimcheke mtu.

Lakini kisa kilichonigusa zaidi ni cha Marekani, katika jimbo la Alabama. Kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, wakaao wazao wa watumwa wa mashamba ya pamba. Wanawake wa huko, kwa umaskini na baridi, walishona mifarishi, yaani mablanketi ya vitambaa vilivyopandanishwa, kwa kutumia nguo za kazi zilizochakaa. Mwaka 1966 wanawake wa sehemu hizo walianzisha ushirika wa kushona uitwao Freedom Quilting Bee, na mwaka 1972 ushirika ukapata kazi ya kuwashonea wenye maduka makubwa ya Sears foronya za kitambaa cha kodrai. Kazi ya namna hiyo haina hiari: kipimo ni kile kile, na mshono ni ule ule. Wanawake wale walifanya nini? Kazi ya duka waliifanya kama duka litakavyo, wakapata fedha zao. Mabaki ya kodrai yakachukuliwa nyumbani, na huko kila mmoja akashona mfarishi wake kwa nakshi aitakayo mwenyewe. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji kile ilitundikwa katika jumba la sanaa la mji wa Houston, na mifarishi ya mabaki yale ya kodrai sasa yahesabiwa miongoni mwa kazi zao tukufu.

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Kuchukua fedha hakukuwa kosa. Kosa ni kuwa sikujibakishia hata kitambaa kimoja ambacho hakina bei. Nilicho nacho cha namna hiyo ndicho nilichokiweka kando, nikasema kitangoja.

TUNDU MOJA BAADA YA ISHA

Usiku ule nililifungua kasha. Nilikitandaza kitambaa cha mjomba chini ya taa, na moyo ukanipasuka. Michoro yake ilikuwa inafutika. Kalamu ya risasi haidumu. Penye mikunjo nakshi ilikwisha kwenda, na kwingine ilibaki kama unyayo mchangani maji yakijaa. Kumbe kitambaa hakikuwa kikiningoja. Mkono wa mjomba ulikuwa ukiondoka kidogo kidogo mle kashani nami naingoja hamu.

Nilihesabu matundu yaliyobaki. Yalikuwa 612. Nikaweka sharti moja: tundu moja kila siku baada ya sala ya Isha, nikipenda nisipende, na nikilimaliza nina ruhusa kuondoka. Waalimu wetu wa chuoni walitufundisha kwamba amali ndogo yenye kudumu ina daraja kubwa. Tulilihifadhi tukiwa watoto. Ilinichukua miaka hamsini kulijaribu.

Tundu la kwanza lilikuwa baya. Vidole vilikuwa vigumu, uzi ulikunjamana, nikaufumua kama alivyofanya mama wa Kivumbini. La pili halikuwa zuri. Kwa siku kumi na tano hivi sikuona ladha yoyote, nikaondoka kila nilipotimiza langu moja. Kisha usiku mmoja niliangalia saa nikakuta nimeshona matundu manne bila kujua, na chai imepoa. Sikusema neno, nikaogopa nisije nikaitisha. Lakini niliijua. Ilikuwa ile hali ya barazani.

Penye mikunjo, pale mchoro ulipofutika kabisa, ilinipasa nikisie mjomba angepitisha wapi. Mahali pengine nimekosea, na atakayeitazama kofia hiyo kwa jicho la ufundi atapaona. Nimeviacha hivyo hivyo.

Kwa msomaji mwenye kasha lake, sina mengi ya kumwambia. Asiinunue hamu dukani kama nilivyofanya mimi. Alitoe kasha alipofungia, akiweke kitu chake mahali pa kuonekana, na akipunguze kipimo mpaka kiwe kidogo hata uvivu uone haya kukikataa. Na kama wako watu wanaomlipa kwa kazi hiyo, awape haki yao, kisha akate kipande kimoja akiseme ni changu, hiki hakiuzwi. Katika siku zile za baridi nilijitungia ubeti huu wa kujionya:

Niliviweka kashani, sindano pamwe na hamu,
Nikangojea moyoni, irejee kwa salamu,
Kumbe imo vidoleni, yataka kazi idumu,
Tundu moja kwa jioni, ndilo dawa na nidhamu.

Kofia ilikwisha kabla ya mwaka kutimia. Nilipokwenda Lamu kumpelekea mjukuu wa mjomba, niliifua kwanza katika ua wa nyumba ile ile, kwa maji ya kisima na sabuni, kama desturi. Maji yakatoka na kijivu chepesi. Ile ndiyo risasi ya kalamu, mistari yote aliyoichora. Nilipoivika faroma na kuiweka kivulini ikauke, hapakuwa tena na mchoro wowote juu ya kitambaa. Palikuwa na uzi tu, umepita pale pale mkono wake ulipopita.